Fesimaski chuoni: yadi 5 zirudi, iwekwe VAR, au anayeshika atolewe nje?

Swali limetoka kwa mama mmoja yuko Iowa, nimelifupisha kidogo:

"Habari kaka. Mimi huu mpira wa Marekani nimeanza kuuangalia kwa ajili ya mtoto tu. Mwanangu kacheza haiskuli miaka mitatu, mwaka huu kaingia chuo kimoja kidogo hukuhuku Iowa, yeye ni mkimbiaji, yule anayepewa mpira akimbie nao. Haiskuli nakumbuka mtu akishika tu zile nondo za mbele ya helmeti, fesimaski, refa anarusha kitambaa, adhabu yadi 5. Sasa Jumamosi iliyopita beki kamshika pale mbele kabisa, nimeona kwa macho yangu, refa yupo palepale, kimya. Robo ya mwisho wakamshika tena, safari hii shingo imezunguka kama ya kuku, ndo wakatoa yadi 15. Tumerudi nyumbani ni mabishano mpaka ugali umepoa. Baba yake anasema na vyuo warudishe yadi 5, shemeji anasema waweke VAR, mimi nasema anayeshika atolewe nje moja kwa moja akaoge. Nani yuko sawa?"

Dada yangu, pole na presha ya jukwaani, naijua. Nitawajibu wote watatu ila nitaanza na mzee wa nyumba, maana hoja yake ndo naisikia kila mahali, hata sisi marefa tukikaa kula baada ya mechi lazima atokee mmoja aianzishe na chakula kinapoa kama huo ugali wenu. Mimi nina filimbi shingoni mwaka wa 14 huu, Ijumaa usiku nachezesha haiskuli, Jumamosi mchana vyuo vidogo kama hicho cha kijana, kwahiyo hizi kanuni mbili unazozilinganisha mimi nazibeba kichwani wikiendi ileile moja na kuna Jumamosi asubuhi inabidi nijikumbushe kabisa nikiwa kwenye gari, leo ni chuo, leo ni chuo.

Wewe hujakosea ulichokiona, na refa naye inawezekana kabisa hajakosea. Kitabu cha NCAA, hao wanaosimamia michezo ya vyuo, hakisemi "usishike fesimaski" basi. Kinasema mchezaji asishike halafu akapindisha, akageuza au akavuta fesimaski, au ule mkanda wa kidevuni, au tundu lolote la helmeti ya mwenzie. Ile "halafu" ndo imebeba mzigo wote. Kugusa sio kosa. Kushika na kuachia bila kuvuta sio kosa, na kitabu kimeliandika wazi, sio sisi tunaojitungia. Kwahiyo beki wa mara ya kwanza inawezekana vidole vilipita kwenye nondo, vikakamata sekunde moja vikaachia, kichwa cha kijana hakikwenda popote, na refa akiwa anaangalia kabisa akasema moyoni hii hapana. Mara ya pili shingo imezunguka, hapo hakuna mjadala, yadi 15, na kwa sababu aliyefanya ni wa timu inayozuia basi timu ya mwanao inapewa na fasti dauni juu yake, yaani inaanza upya majaribio yake manne (dauni) ya kusogeza mpira yadi 10, hata kama zilikuwa zimebaki yadi 20.

Sasa sentensi inayofuata kwenye kanuni hiyohiyo ndo inanichekeshaga. Kitabu kikishamaliza kukwambia kushika bila kuvuta sio faulo, kinaongezea: ukiwa na shaka, ni faulo. Yaani kinakupa uhuru kwa mkono wa kulia, wa kushoto unakunyang'anya. Wengine wanasema hiyo inajichanganya, mimi nadhani imekaa vizuri tu, inamaanisha kama umeuona mkono umekamata na kichwa kimeenda ila hujui kama kilienda kwa sababu ya mkono au kwa sababu ya kuanguka, basi upande wa shingo ya mtoto ndo ushinde. Ila uwe kweli umeona mkono umekamata. Shaka sio leseni ya kurusha kitambaa kila helmeti ikitikisika.

Haikuwa hivi zamani, na hapo mzee wa nyumba ana kumbukumbu nzuri kama alianza kuangalia mapema. Mpaka msimu wa 2007 vyuo vilikuwa na ngazi mbili, kushika kwa bahati mbaya yadi 5, kushika na kuvuta yadi 15. Mwaka 2008 NCAA wakaifuta ile ya 5, na mwaka huohuo NFL, ligi kuu ya kulipwa, nao wakaifuta ya kwao. Haiskuli wao wana chama chao, NFHS, na wao wakabaki na ngazi zote mbili mpaka leo, ndo maana ulikuwa unaona vile vitambaa vya yadi 5. Kuna kitu kingine haiskuli watu wengi hawakijui, hata ile yadi 15 ya fesimaski kwao haiji na fasti dauni ya bure, unasogezwa mbele, mstari ukifika umefika, usipofika unarudia dauni. Ila ukihamia Texas, na najua kuna ndugu zetu wengi tu kule hasa wa kutoka Kongo, usishangae, haiskuli za Texas zinacheza kwa kitabu cha vyuo. Kuna jamaa alihamia huko na mtoto akanipigia simu analalamika marefa wa Texas hawajui sheria. Nikamwambia wanaijua bwana, wewe ndo umehama nchi bila kujua.

Ili tuone uzito wake weka mfano mmoja. Dauni ya tatu, yadi 12 zinahitajika, mpira uko yadi 30 ya kwenu. Kijana kapewa mpira kakimbia yadi 4, kafika 34, beki kampata, kidole gumba kimeingia kwenye nondo. Refa akinyamaza, ni dauni ya nne na yadi 8, mnaupiga mpira mbali mnawapa wenzenu. Akitoa 5, mko yadi 39, dauni ya tatu tena na yadi 3 tu, mchezo mwingine kabisa huo. Akitoa 15 mko yadi 49, fasti dauni, karibu katikati ya uwanja. Kidole kilekile kimoja, na inategemea refa anakiitaje. Kwa anayefikiria kwa mita, yadi 15 ni kama mita 13.7, sio mchezo.

Kwahiyo baba yake anaposema pale katikati panahitaji ngazi, namuelewa vizuri. Kutoka sifuri mpaka 15 bila kituo ni mbali, na adhabu ikiwa kubwa sana refa mkono unakuwa mzito, hasa dakika za mwisho, hataki kuonekana yeye ndo kaamua mechi. Hiyo ni kweli na ni binadamu sisi. Anayesema refa hafikirii jukwaa litasema nini hajawahi kushika filimbi.

Ila nikuambie kwanini mimi siitaki ile 5 irudi vyuoni, na hapa najisema mwenyewe. Kama miaka sita nyuma, haiskuli, Oktoba, mvua ile nyembamba isiyokatika, glavu za wachezaji zimejaa matope. Mkimbiaji mmoja mwembamba kakata kuja upande wangu, lainibeka, mmoja wa mabeki, kampata kwa mkono mmoja, mkono umeanzia begani ukateleza kwa ajili ya maji, vidole vinne vikaingia kwenye nondo ya chini kabisa ya helmeti, na nikaona, sikuhadithiwa, nikaona helmeti imezunguka mpaka tundu la sikio limekuja mbele alipotakiwa kuwa na jicho. Kijana kaanguka kifudifudi. Nikarusha kitambaa. Halafu pale kati ya kurusha na kumfuata refa mkuu kumwambia nimeona nini, hatua kama kumi hivi, nikaanza kujibishana. Uwanja unateleza. Lainibeka hakukusudia, kaachia mwenyewe na kamwinua mwenzie. Timu inayozuia inaongoza kwa pointi 2 na dakika zimebaki chache. Nilipofika nikasema 5. Kijana alikuwa amekaa chini anajikanda shingo na kocha wake hakunipigia kelele hata, alinitazama tu, na nadhani angenipigia kelele ningejisikia vizuri zaidi.

Ile haikuwa 5. Kitabu cha haiskuli nacho kinasema ukipindisha ni 15, kukusudia au kutokukusudia hakimo. Ila ngazi ya chini ilikuwepo, na mimi nikaiona kama kichaka nikajificha humo. Hilo ndo tatizo la hiyo 5, dada. Watu wanadhani itakuja kupandisha zile ambazo leo hazipigiwi, ziwe 5. Nyingine zitapanda kweli. Ila nyingi zitakuwa ni zile za 15 zinazoshuka, na zitashuka mahali pabaya zaidi, dakika za mwisho, timu ya nyumbani inazuia, jukwaa limesimama. Mwaka 2008 walipoifuta walituondolea hicho kichaka, sasa unajitokeza hadharani, ama kashika akavuta ama hakuvuta.

Haiskuli mimi siombi waifute, na hapo naweza nikaonekana najichanganya lakini sio. Haiskuli mara nyingi tunachezesha watano, vyuo vikubwa wako wanane. Watano kwa wachezaji 22, kuna sehemu za uwanja hazina jicho la karibu, unaona mkono umeingia ila mwisho wake huuoni. Na watoto wa miaka 15 mikono yao bado haijui inaenda wapi. Kwao ile 5 inafanya kazi kama kofi la mkononi, ondoa mkono hapo. Chuoni mtu ana miaka 20, kafundishwa na makocha wanne, anajua kabisa fesimaski iko wapi.

Na tusisahau kwanini hii kitu ni hatari. Helmeti ni kama kilo 2 na ushei, umeifunga kwenye kidevu, halafu kwa mbele umeweka chuma kimetokeza. Hicho chuma ni mpini. Ukishika mpini wa jembe ukazungusha, jembe linafuata, hapa jembe ni kichwa cha mtoto wa mtu. Zamani hawakuwa nayo kabisa. Mwaka 1953 kwotabeki (yule mrushaji mkuu wa mpira) wa Cleveland Browns, Otto Graham, alipigwa kiwiko cha uso, akashonwa nyuzi 15 mdomoni, kocha wake Paul Brown akataka helmeti yake iwekewe kinga na Graham akarudi uwanjani mechi hiyohiyo. Ndani ya miaka michache karibu kila mtu ana kinga usoni, na mabeki wakagundua hapohapo kuwa wameletewa mpini. NFL mwaka 1956 wakakataza kushika fesimaski ya mtu, ila sikiliza vichekesho, isipokuwa ya mwenye mpira. Yaani yule hasa anayeshikwa ndo alikuwa ruksa! Dick Lane, wakimwita Night Train, alisifika kwa kuangusha watu kwa kuwakaba shingo na kichwa. Mpaka 1962 ndo NFL wakasema hakuna kushika ya mtu yeyote. Unaona hii kanuni tangu mwanzo imekuwa ikibadilishwa kwa kuchelewa.

Sasa shemeji na VAR yake. Huku tunaita riplei, na hii ndo sehemu yenye nyama.

Mafunzoni tunafundishwa kitu kimoja tangu siku ya kwanza, usikodolee mkono, angalia kichwa. Mikono kwenye kumuangusha mtu iko mingi, inapita kwa kasi, kutoka nyuma huwezi jua kama imeshika nondo au imeshika kola. Ila kichwa kikigeuka upande ambao mwili hauendi, kuna mtu kakigeuza. Nimewafundisha vijana wengi wa filimbi hivyo, kichwa hakidanganyi.

Ila kuna siku kilidanganya, na ilikuwa mbele ya Marekani nzima. Desemba 3 mwaka 2015, Detroit, Lions wanaongoza 23 kwa 21 dhidi ya Green Bay Packers, saa imeisha kabisa. Aaron Rodgers ana mpira, Devin Taylor wa Lions kamfikia, mkono umepita mbele ya uso, kichwa cha Rodgers kikageuka puu, kitambaa hewani. Fesimaski. Yadi 15, na kwa sababu mechi haiwezi kuisha kwa kosa la timu inayozuia, Packers wakapewa mchezo mmoja wa nyongeza bila saa. Rodgers akarusha mpira juu kama anarusha jiwe kwenye embe, yadi 61, mwenzie Richard Rodgers (hawana undugu hao) akaudaka ndani ya endizoni, lile eneo la kufungia mwisho wa uwanja. 27 kwa 23. Marudio yakaonyesha mkono wa Taylor umekamata bega zaidi, kwenye nondo ulipita tu, labda kidole. Wengine mpaka leo wanatetea kitambaa kile. Mimi kwa spidi ya kawaida ningekirusha pia, nakiri, kwa sababu niliangalia kichwa kama nilivyofundishwa. Kwa spidi ya polepole nisingekirusha.

Geuza upande wa pili. Oktoba 24 mwaka 2024, Los Angeles, Rams wanaongoza 28 kwa 20, Minnesota Vikings wana mpira kule chini kabisa kwao, zimebaki chini ya dakika 2. Sam Darnold karudi nyuma kurusha, yuko ndani ya endizoni yake, Byron Young kamfikia, mkono mzima kwenye fesimaski, kichwa kimezungushwa, kaangushwa. Hakuna kitambaa. Sefti, pointi 2 kwa Rams, 30 kwa 20, na mpira wanapewa wao, mechi imekwisha. Refa mkuu Tra Blake akaeleza baadaye kuwa kwotabeki alikuwa ameangalia upande mwingine na yeye hakuliona kosa vizuri. Watu walimcheka, mimi sikumcheka. Yeye anasimama nyuma ya kwotabeki. Darnold amempa mgongo, anachokiona ni mgongo wa helmeti. Ungemuweka mtu yeyote pale na macho ya mwewe, asingeona vidole vilivyoko upande wa pili wa kichwa. Ila mtoto wa miaka saba aliyekaa kwenye kochi kaona.

Na usidhani ni mabeki tu. Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2022, mchezo wa kwanza kabisa wa kipindi cha pili, Tee Higgins wa Cincinnati Bengals anakimbilia mpira, anashika fesimaski ya Jalen Ramsey anayemkaba, anaizungusha, Ramsey chini, Higgins anadaka anakimbia yadi 75 tachidauni. Kimya. Bahati ya marefa ni kwamba Rams walikuja kushinda 23 kwa 20, vinginevyo tungekuwa bado tunalisikia.

Baada ya ile ya Los Angeles kelele zilikuwa nyingi, na Aprili 2025 wamiliki wa timu za NFL wakapitisha mabadiliko, riplei iruhusiwe kusaidia kwenye fesimaski na makosa mengine machache. Ila soma vizuri walichopitisha. Riplei inaweza kukiondoa kitambaa kama picha inaonyesha wazi kosa halikuwepo. Kuongeza kitambaa ambacho hakikurushwa haiwezi. Yaani wametibu Detroit, wakaiacha Los Angeles vilevile ilivyo, na Los Angeles ndo iliyoleta kelele! Mgonjwa kaja na jino wamempa dawa ya tumbo. Sababu yao naielewa, wakifungua mlango wa kuongeza vitambaa kila mchezo utakuwa na mtu juu anatafuta makosa, na ukitafuta kwenye mpira huu hukosi, kila mchezo kuna mtu kamshika mwenzie mahali.

Kwa vyuo mimi ningeenda tofauti, kwa sababu vyuo tayari mlango huo waliufungua. Kuna lile kosa la kumlenga mtu kichwani kwa helmeti, tageting wanaiita, tangu 2013 anayefanya anatolewa mechini, na chumba cha riplei kinaruhusiwa kuliita hata kama uwanjani hakuna aliyerusha kitambaa. Kwahiyo hoja ya "riplei isiongeze makosa" kwa vyuo imeshakufa miaka mingi. Hadi msimu wa 2025 fesimaski haikuwemo kwenye orodha hiyo, na sioni mantiki, tageting ina mambo ya kubishania mpaka kesho, alishusha kichwa, hakushusha, mwenzie alikuwa anajihami au hajihami. Fesimaski ukiwa na picha nzuri ni moja ya vitu vyepesi kabisa kuviamua, vidole vimefunga au havijafunga, helmeti imezunguka au haijazunguka.

Kwahiyo ningewapa ruhusa wale wa chumbani, njia zote mbili, kuondoa na kuongeza, ila kwa mwenye mpira, anayerusha na anayekwenda kuupokea tu. Wale majitu wanaosukumana pale katikati waachwe na marefa wa uwanjani, ukipeleka kamera pale kati mechi itaisha Jumatatu, na mechi za vyuo tayari zinavuka masaa 3. Na isiwe kocha anaomba, kocha akipewa hiyo ataitumia kupumzisha wachezaji wake, nawajua. Chumbani waone wenyewe, wabonyeze, wamwambie refa mkuu sikioni ndani ya muda uleule timu zinajipanga. Kama inahitaji kurudia picha mara nne kuona kama kidole kimekamata, basi hakikukamata, endeleeni.

Ila sasa shemeji asishangilie sana. Riplei sio lazima kwa kila chuo, ni kwa wenye vyumba na kamera na watu wa kuwalipa. Vyuo vidogo vingi hawana kabisa. Mimi Jumamosi zangu nyingi kamera pekee uwanjani ni ya mwanafunzi mmoja kwenye mnara wa bati anarekodia makocha. Kama chuo cha mwanao ni kama hivi ninavyochezesha, hata NCAA wapitishe kesho, kwenye uwanja wake haitabadilika kitu. Itabaki ni macho ya watu wazima wenye kazi nyingine katikati ya wiki, na mahali waliposimama.

Hapo ndo ningetamani mjadala uhamie kidogo, maana kila mtu anabishana yadi ngapi na hakuna anayeuliza refa asimame wapi. Wa nyuma ya kwotabeki akifunikwa na mgongo, wa pembeni awe na ruhusa ya kumtazama kwotabeki anapogeuzwa upande wake. Kwenye kundi letu tulikubaliana hivyo misimu miwili sasa, kabla ya mechi tunaambiana kabisa, akigeukia kwako uso wake ni wako. Haijagharimu hata senti.

Na wewe dada, aende akaoge. Nakuelewa, wewe ni mama. Ila kadi nyekundu yako tayari imo kwenye kitabu, kosa likiwa la makusudi la kikatili anatolewa, hiyo ipo. Tofauti ni kwamba haiwi moja kwa moja kwa kila anayevuta. Na mimi nadhani iendelee hivyo, kwa sababu yule lainibeka wangu wa kwenye mvua alistahili yadi 15 ambazo sikumpa, ila kutolewa hapana, mkono uliteleza. Ukiwa na adhabu ambayo refa anaona ni kubwa kuliko kosa, atafanya nini? Atanyamaza. Tumerudi kulekule kwenye mkono mzito. Anayestahili kuoga ni kama Myles Garrett wa Cleveland Browns, Novemba 2019, aliyemshika kwotabeki wa Pittsburgh, Mason Rudolph, kwenye fesimaski akaing'oa helmeti yote kichwani halafu akampiga nayo. Huyo alifungiwa msimu wote uliobaki, na hakuna aliyehitaji riplei.

Mambo mawili ya kumwambia kijana, haya ndo yatakayomsaidia Jumamosi ijayo. Helmeti ikimtoka kichwani wakati mchezo unaendelea, chuoni lazima akae nje mchezo mmoja, isipokuwa kama imetoka kwa sababu ya kosa la mpinzani kama hilo la fesimaski, hapo anabaki. Kwahiyo ikivutwa ikatoka na kitambaa kipo, asikimbilie benchi, nimeona watoto wanajitoa wenyewe wakati wana haki ya kubaki. Na ile anayonyoosha mkono kumsukuma beki usoni, ruksa kusukuma kwa kiganja wazi kwa sababu ana mpira, ila akifunga vidole kwenye nondo kosa linakuwa lake, mwenye mpira hana kinga hapo. Mwambie afanye mazoezi akiwa amekunja kidole gumba pembeni ya kiganja, gumba ndo linaloingiaga kwanza.

Na wakimvuta tena refa asione, asirushe mikono hewani, tunawaona hao na tunawachoka. Amwambie kapteni wake, kapteni aje kwa utulivu aniambie "namba fulani anashika fesimaski upande wako", basi. Sitarusha kitambaa kwa maneno yake, ila mchezo unaofuata macho yangu yako kwa huyo namba fulani, sina ujanja.

Shemeji mtafutie ile ya Detroit, aitazame kwanza kwa spidi ya kawaida mara moja tu, aseme kosa au sio kosa, aandike kwenye karatasi. Halafu ndo muweke ya polepole. Ugali mle kabisa kabla hamjaanza.